Majeraha ya kambini huanzia kwenye ratiba: jibu kwa mwalimu wa michezo

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu wanacheza mpira wa miguu, netiboli na riadha. Mazoezi ni mara tatu kwa wiki, saa moja moja. Kila mwaka tukiingia kambi ya wiki mbili kujiandaa na UMISSETA (mashindano ya michezo ya shule za sekondari), asubuhi na jioni, naanza kupoteza wachezaji kuanzia siku ya tano hivi: enka, nyama za paja, magoti ya wasichana wa netiboli. Wengine wanapata nafuu, wanarudi, wanaumia palepale. Hatuna daktari wa timu. Sanduku letu la huduma ya kwanza lina dawa ya kupuliza na mafuta ya kuchua. Nifanye nini, na ninunue nini kwa fedha kidogo tuliyo nayo?

Jibu: Mwalimu, kabla ya sanduku tuanze na hesabu, kwa sababu siku ya tano uliyoitaja haikuja kwa bahati mbaya.

Kuna njia rahisi ya kupima uzito wa mazoezi ambayo haihitaji kifaa chochote. Baada ya mazoezi, muulize mchezaji: leo umechoka kiasi gani, kuanzia 0 (sijachoka kabisa) hadi 10 (sijawahi kuchoka hivi)? Zidisha jibu lake kwa dakika alizofanya mazoezi. Kwa ratiba yako ya kawaida, dakika 60 kwa uchovu wa 5 ni 300, na mara tatu kwa wiki ni 900. Sasa tazama kambi. Vipindi viwili kwa siku, siku sita, tuseme dakika 90 kila kipindi na uchovu wa 7: kila kipindi ni 630, na vipindi 12 ni 7,560. Umempandisha mtoto wa miaka 16 zaidi ya mara nane ndani ya wiki moja. Moyo na pumzi huzoea haraka. Kano, ligamenti (nyuzi zinazoshika mfupa na mfupa kwenye kiungo) na mifupa huchukua wiki nyingi kujijenga. Ndiyo maana siku mbili tatu za mwanzo anaonekana yuko vizuri kabisa, halafu siku ya tano anaanza kuchechemea.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kalenda. Anza wiki nane kabla ya kambi, na kila wiki usipandishe jumla kwa zaidi ya moja ya tano. Ukianzia 900, wiki ya pili ni 1,080, ya tatu karibu 1,300, na wiki ya nane utafika 3,200 hivi. Hicho ndicho kiwango ambacho mwili wa mchezaji wako umeandaliwa kukibeba, na kambi ipangwe kukizunguka hicho. Ukitaka asubuhi na jioni zote mbili, kipindi kimoja kiwe kizito na kingine kiwe cha mbinu: kupanga kona, kurusha, kupiga penalti, kutembea na kuelekezana. Siku ngumu ifuatwe na siku nyepesi, na siku moja kwa wiki iwe ya kupumzika kabisa. Najua utaambiwa kambi ya namna hiyo ni ya kudekeza. Waoneshe hesabu.

Chakula na usingizi vinaingia hapohapo. Mwanafunzi wa bweni anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri kukimbia na tumbo tupu, akalala saa sita usiku baada ya kujisomea, hajengi msuli hata ukimpa kocha bora. Uji wenye maziwa au karanga kabla ya mazoezi ya asubuhi, na mlo wenye maharage, dagaa au mayai ndani ya saa mbili baada ya mazoezi. Msichana ambaye hedhi yake imekatika miezi mitatu tangu mazoezi yaongezeke huenda anatumia nguvu nyingi kuliko anayokula, na hapo mifupa yake iko hatarini kupata nyufa. Apelekwe kituo cha afya, na mwalimu wa kike ndiye azungumze naye.

Baada ya kalenda, kupasha mwili. Kukimbia mizunguko miwili ya uwanja na kunyoosha miguu mkiwa mmekaa kwenye nyasi hakuzuii majeraha. Kilichothibitishwa ni programu ya FIFA iitwayo 11+, ya dakika 20. Ilipimwa Norwe kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008: majeraha kwa ujumla yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu. Haihitaji kifaa zaidi ya alama za pembeni, na chupa za maji zilizojazwa mchanga zinatosha. Dakika nane za kwanza ni kukimbia polepole kwa mitindo sita: moja kwa moja, kufungua nyonga kwa nje, kufunga nyonga kwa ndani, kumzunguka mwenzako, kuruka na kugusana bega, na kukimbia mbele na nyuma haraka. Dakika kumi za katikati ndizo zenye kazi: kulala kifudifudi ukijiinua kwa viwiko na vidole, mara 3 kwa sekunde 20 hadi 30, kisha kwa ubavu, kila upande vivyo hivyo, kusimama kwa mguu mmoja ukishika mpira, mara 2 kwa sekunde 30, kuchuchumaa na kuinuka, kuruka juu na kutua, na zoezi la nyama za paja nitakaloeleza chini. Dakika mbili za mwisho ni mbio za kasi na kukata kona ghafla. Fanya yote angalau mara mbili kwa wiki. Siku ya mechi acha sehemu ya katikati.

Inaposhindikana, mara nyingi ni kwa sababu mbili. Kocha huifanya kwa wiki tatu kisha anaiacha kwa kuwa "muda wa mpira unapungua", au wachezaji wanaifanya ovyo huku yeye akipanga jezi. Simama uwatazame magoti. Goti linapoingia ndani wakati wa kuchuchumaa au kutua, zoezi hilo linaufundisha mwili wa mchezaji kuumia.

Hapo ndipo ilipo habari ya wasichana wako wa netiboli. Ligamenti ya katikati ya goti hukatika zaidi bila kuguswa na mtu: mchezaji anaruka, anatua kwa mguu mmoja ulionyooka, goti linaanguka ndani, kiwiliwili kinageuka. Wasichana hupata jeraha hili mara kadhaa zaidi ya wavulana, na netiboli inazidisha, kwa sababu kanuni yenyewe inamtaka mwenye mpira asimame ghafla. Wafundishe kutua kama somo linalojitegemea, dakika 10, mara mbili kwa wiki. Waruke kutoka kwenye kidato cha sentimita 30, watue kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa na yako sawa na kidole cha pili cha mguu, matako yamesogea nyuma kidogo. Sikiliza mlio: kutua kwa kishindo ni kubaya, kutua kimya ni kuzuri. Rekodi kwa simu ukiwa mbele yake, kisha mwoneshe palepale. Mchezaji akijiona hujirekebisha haraka kuliko ukimfokea. Akimudu, aruke kwa mguu mmoja, kisha aruke huku akidaka pasi, maana kwenye mechi hatakuwa na nafasi ya kulifikiria goti.

Goti lililotoa mlio kisha likavimba ndani ya saa mbili limevuja damu ndani mpaka ithibitike vinginevyo. Mchezaji huyo hachezi tena siku hiyo wala wiki hiyo, hata kama kesho yake anatembea. Kutembea kunadanganya sana kwenye jeraha hili. Apate rufaa kwenda kwa madaktari wa mifupa. Taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, na hospitali za KCMC Moshi na Bugando Mwanza, wanalifahamu jeraha hili. Akifanyiwa upasuaji, kurudi uwanjani si kabla ya miezi tisa.

Nyama za paja huchanika wakati wa mbio za kasi, mguu unapotangulizwa mbele kabla ya kukanyaga. Zoezi lenye ushahidi mzuri ni hili: mchezaji anapiga magoti kwenye nyasi au godoro, mwenzake anamshikilia visigino, naye anajiachia mbele polepole akiwa amenyooka kuanzia magoti hadi mabega, akizuia asianguke kadiri anavyoweza, kisha anajipokea kwa mikono. Wiki ya kwanza siku moja tu, mara 5, seti 2. Ya pili siku mbili, mara 6, seti 2. Ya tatu siku tatu, mara 6 hadi 8, seti 3. Ya nne mara 8 hadi 10. Baada ya wiki kumi, siku moja kwa wiki inatosha kulinda faida. Waambie mapema kwamba siku ya pili mapaja yatauma. Wengi huliacha hapo wakidhani wameumia. Usilianzishe kambini. Lianze katika zile wiki nane.

Sasa enka, ambayo ndiyo itakusumbua zaidi, na ambayo inaharibiwa zaidi na matibabu ya uwanjani kuliko na jeraha lenyewe.

Mguu ukikunjikia ndani, ligamenti za upande wa nje huvutika au kuchanika. Kazi yako ya kwanza ni kujua kama mfupa umevunjika. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni yake mwaka 1992, na mwalimu makini anaweza kuitumia kuamua nani apelekwe kupigwa picha. Bonyeza kwa kidole gumba ukingo wa nyuma na ncha ya kifundo cha nje, kuanzia chini hadi sentimita 6 kwenda juu. Fanya hivyo kwa kifundo cha ndani. Bonyeza lile nundu lililo katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na mfupa ulio mbele kidogo ya kifundo upande wa ndani. Kisha mwombe atembee hatua nne. Maumivu makali juu ya mfupa katika mojawapo ya sehemu hizo, au kushindwa hatua nne, maana yake eksirei. Kwa mtoto ambaye bado anarefuka usipuuze: mifupa yake ina tabaka laini la kukulia karibu na ncha, na hilo linaweza kuachia kabla ya ligamenti.

Kama hakuna dalili hizo, mpumzishe na mfunge bandeji ya kuvutika ya upana wa sentimita 7.5, ukianzia karibu na vidole kupanda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Bonyeza ukucha: rangi irudi ndani ya sekunde 2, isiporudi, umekaza mno. Mguu uwe juu kuliko moyo. Barafu ya mfuko, ile inayouzwa mitaani, ifunge kwa kitambaa kilicholowa na iweke dakika 10 hadi 15, kila saa mbili kwa siku ya kwanza. Barafu inatuliza maumivu, haiponyi.

Usichue. Usikande kwa maji ya moto. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo kila mtu mwenye nia njema hufanya. Mishipa midogo ya damu imepasuka. Joto na kuchua katika siku mbili tatu za mwanzo vinaongeza kuvuja na uvimbe, na uvimbe ukiongezeka kupona kunachelewa. Mafuta yako yakae sandukuni hadi baada ya hapo. Wala asivutwe mguu "kurudisha mshipa". Na mfupa ukishukiwa kuvunjika, usikubali afungwe mbao za kukaza na mganga wa kienyeji wa mifupa: damu ikizuiwa kwa saa kadhaa, mguu unaweza kukatwa. Kufunga kwako kuwe kwa kadibodi au ubao uliowekewa kitambaa, kunakozuia kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika, kisha hospitali.

Kuanzia siku ya pili au ya tatu aanze kukanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kumlaza wiki nzima kunadhoofisha. Asimame kwa mguu ulioumia sekunde 30 mara 3, akizoea afumbe macho, kisha asimame huku akidaka mpira. Ainuke kwa vidole akipanda taratibu hadi mara 25 kwa mguu mmoja. Sababu ya kuumia palepale ni kwamba ligamenti iliyochanika imepoteza hisia ya kuuambia mwili mguu umekaaje. Hisia hiyo hairudi kwa kupumzika, inarudi kwa mazoezi haya. Enka ndogo huchukua wiki moja au mbili, ya kati wiki tatu hadi sita.

Kipimo cha kurudi kiwe miguu, kisiwe siku wala maneno ya mchezaji. Awe na uwezo wa kuinuka mara 25 sawa na mguu mzima. Kuruka kwa mguu mmoja kushoto na kulia mara 10 bila kuyumba. Kukimbia kasi yote na kukata kona. Na afanye mazoezi kamili mara mbili bila kuvimba asubuhi inayofuata. Akirudi, avae soksi ya kubana ya enka au afungwe plasta ngumu isiyovutika kwa miezi 6 hadi 12 katika mechi na mazoezi. Dawa ya kupuliza inapoza ngozi kwa dakika chache na kumrudisha mtu uwanjani kabla hajapimwa. Vilevile sindano au vidonge vya kuua maumivu kabla ya mechi: usikubali, hata kama ni fainali ya mkoa na kiongozi amesimama kando yako.

Wadogo wa kidato cha kwanza na cha pili wana maumivu yao: nundu chini ya goti, au nyuma ya kisigino. Mifupa inarefuka kabla misuli haijafuata. Pima urefu wao kila miezi mitatu. Aliyerefuka sentimita 2 au zaidi apunguziwe kuruka na mbio za kasi kwa wiki kadhaa. Maumivu yasiyozidi 3 kati ya 10, na yanayoisha kesho yake asubuhi, hayamzuii kucheza.

Mambo manne hayasubiri wala hayajadiliwi.

Kichwa: aliyegongwa akachanganyikiwa, akayumba, akaona kizunguzungu au akasahau matokeo ya mechi, anatoka na harudi siku hiyo. Hakuna "amekuwa sawa". Akitapika tena na tena, akipata degedege, usingizi mzito, udhaifu wa mkono au mguu, maumivu ya shingo au ya kichwa yanayozidi, hospitali mara moja. Wengine wapumzike siku moja au mbili, warudi darasani kwanza, kisha mazoezi kwa hatua, kila hatua angalau siku nzima. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo isiyo ya kulipwa unataka siku zisizopungua 21 kabla ya mechi, nami nakushauri uufuate.

Moyo: mchezaji akianguka bila kuguswa na haitikii, chukulia moyo umesimama. Kukoroma au kutweta kwa nadra si kupumua. Mkandamize katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, mkipokezana kila dakika mbili, mwingine akiita gari. Christian Eriksen, mchezaji wa timu ya taifa ya Denmark, alipoanguka uwanjani Copenhagen mwaka 2021 aliokolewa kwa kukandamizwa palepale na mashine ya kushtua moyo, na akarudi kucheza. Jua mashine iliyo karibu nawe iko wapi. Mwanzoni mwa msimu uliza kila mmoja: umewahi kuzimia au kupata maumivu ya kifua ukikimbia? Kuna ndugu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50? Akijibu ndiyo, apimwe moyo kabla ya mazoezi.

Joto: aliyechanganyikiwa huku mwili ukiwaka, hata kama bado anatoka jasho, apozwe kwanza, asafirishwe baadaye. Mlaze kwenye turubai, wenzake wainue kingo, mwagieni maji baridi na barafu mpaka akili irudi. Kila dakika inayopotea kwenye gari bila kupozwa ni hatari. Panga mazoezi kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, maji kila dakika 15 hadi 20.

Homa: mwenye homa hafanyi mazoezi, na aliyetoka kuugua malaria amalize dawa na arudishe hamu ya kula kwanza, bandama iliyovimba inaweza kupasuka kwa kugongwa. Na mwenye kurithi jeni moja ya selimundu (ugonjwa wa seli mundu wa damu) kutoka kwa mzazi mmoja, na watu hao ni wengi katika mikoa mingi yetu, anaweza kuanguka katikati ya mbio za kurudiarudia akiwa bado anajua anachosema. Akisema miguu imekwisha nguvu, aache kukimbia palepale. Usimlazimishe amalize mzunguko.

Kuhusu fedha: bandeji za kuvutika 6, gozi na plasta, plasta ngumu ya sentimita 3.8 roli 4, glovu jozi 20, mkasi, sabuni, turubai moja, ndoo mbili na soksi za enka kwa waliowahi kuumia. Michubuko ioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, na uulize chanjo ya pepopunda. Kinachobaki lipa fundi ajaze mashimo ya uwanja, na magoli yasiyochimbiwa yafungwe kwa mifuko ya mchanga. Goli likianguka huua.

Halafu nunua daftari moja. Tarehe, jina, kiungo, alikuwa anafanya nini, dakika ya ngapi, amekosa siku ngapi, na ile hesabu ya uchovu ya wiki hiyo. Tumia ukurasa mmoja wa mbele kuandika nani anapiga simu, nani anafungua geti, namba ya gari la kituo cha afya, na nani anabaki na wanafunzi wengine. Ubandike pia kwenye mlango wa stoo ya michezo, kisha wafanyie zoezi la majaribio kabla ya kambi, mmoja wao akijilaza katikati ya uwanja.